Shangazi, nimemwahidi mtoto siri, na sasa naambiwa nisaini sera

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 24, naishi Ujiji. Ni mlezi wa kujitolea kwenye kikundi cha vijana cha mpira na ngoma. Tuna watoto 46, mdogo kabisa ana miaka 10 na mkubwa 17. Hatulipwi. Mimi mwenyewe nimekulia kwenye kikundi hiki, nikamaliza kidato cha nne, nikarudi kusaidia. Kwa hiyo usinichukulie kama mtu anayekichukia.

Nina mambo mawili, na kwangu yamesokotana kama nyavu.

La kwanza ni daftari. Mtoto akijiandikisha tunaandika jina, tarehe ya kuzaliwa, mtaa, shule, namba ya mzazi, kabila, wazazi walitokea wapi, na mwisho kuna safu ya "maelezo". Hiyo safu niliianzisha mimi. Mwaka jana mtoto mmoja alianguka kifafa uwanjani na hakuna mkubwa aliyejua la kufanya, basi nikaanza kuwauliza wazazi kuhusu afya za watoto wao. Waliniamini, wakaniambia. Nikaandika: huyu ana kifafa, huyu yatima analelewa na bibi, huyu anameza dawa kila siku saa mbili usiku. Mwezi uliopita mweka hazina alikuwa anafuatilia michango ya jezi. Akafungua daftari, akapiga picha ukurasa wenye majina ya wasiolipa, akaitupa kwenye kundi la WhatsApp la wazazi na maneno haya: "Hawa ndio wanaoturudisha nyuma." Safu ya maelezo ilisomeka yote. Kundi lina watu zaidi ya 60. Nilipompigia simu aliifuta, lakini ilikuwa imekaa karibu saa nzima. Mtoto wa dawa ana miaka 13. Hajaja tena mazoezini. Bibi yake nikikutana naye njiani anainamisha kichwa.

La pili ni zito zaidi. Msichana wetu mmoja wa miaka 14, mshambuliaji mzuri kuliko wote, alinivuta pembeni baada ya mazoezi akanionyesha simu. Anatumia simu ya zamani ya mama yake. Kocha wetu wa wasichana anamwandikia saa nne usiku, saa tano. "Umelala?" "Nimekuwekea bando, usimwambie mama." "Ukishasoma futa." Mara mbili amemrudisha kwao kwa pikipiki kwa njia ya kuzunguka, na ndiye aliyemnunulia viatu vya mpira. Mtoto alisema hajamfanya kitu, ila anaogopa. Kisha akanishika mkono: "Dada, naomba usimwambie mtu, atanitoa kwenye timu na mama atanipiga." Nikamwahidi. Shangazi, nilimwahidi kwa kiapo.

Sasa kuna mfadhili anataka kutupa mipira, jezi na nauli ya mashindano ya Kasulu. Sharti lake ni kwamba kikundi kiwe na sera ya ulinzi wa mtoto na utunzaji wa taarifa. Mwenyekiti amepakua ya shirika moja la nje kwenye intaneti, akafuta jina lao akaweka letu. Ina kurasa 22. Inazungumzia basi la shule na kamera za ulinzi. Sisi hatuna hata choo uwanjani. Na ndani yake nimekuta jina langu, kwamba mimi ndiye "mlezi wa ulinzi wa mtoto" ambaye kila tukio litapelekwa kwake. Tunatakiwa kusaini viongozi wote watano kabla ya mwisho wa mwezi. Kocha ni shemeji wa mwenyekiti. Nilipouliza kama tunaweza kuisoma kwanza, niliambiwa nisiwe mtu wa kuchafua jina la kikundi wakati neema inabisha hodi.

Nisaini? Nivunje ahadi ya mtoto? Silali, Shangazi.

Mlezi, Ujiji


Marahaba mwanangu.

Umeanza na daftari, mimi nitaanza na mtoto. Daftari linaweza kungoja hadi Jumamosi.

Ile ahadi ni lazima uivunje, na uivunje mapema, kesho ikiwezekana. Najua neno kiapo lina uzito kwetu, na najua kwa nini ulikubali: mtoto alikuwa anatetemeka, ukataka atulie. Lakini uliahidi kitu ambacho mkubwa hana mamlaka ya kukiahidi. Ukinyamaza, watakuwa watu watatu wanaotunza siri ile, yaani kocha, mtoto na wewe, na anayefaidika nayo ni mmoja tu kati yenu.

Sasa tazama zile meseji tena kama mtu anayezisoma kwa mara ya kwanza. Bando, viatu, pikipiki, usimwambie mama, ukishasoma futa. Mtu mzima anayempenda mtoto kwa wema hampi kazi ya kufuta ushahidi. Anayetaka kumsaidia viatu humpa mama yake viatu mchana, mbele ya watu. Mimi si hakimu wa kocha wenu na wewe si hakimu wake. Pengine ana la kusema. Ila wa kumsikiliza si wewe, wala si mwenyekiti ambaye amemwoa dada yake au kinyume chake.

Mfuate mtoto mahali pa wazi ambapo watu wanawaona ila hawawasikii. Mwambie, kwa maneno yako: "Juzi nilikuahidi kitu ambacho sikupaswa kukuahidi. Siwezi kunyamaza kuhusu jambo linalokutisha. Nitamwambia mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuwalinda watoto, na nitakuambia ni nani kabla sijaenda. Hujakosa lolote." Hilo la mwisho lirudie mara mbili. Atakasirika, na ana haki ya kukasirika. Vumilia. Usimuulize maswali ya kumchimba, alikugusa wapi, ilikuwaje, lini. Akisema, sikiliza. Asiposema, usimlazimishe, kwa sababu akishahojiwa na wewe, halafu na mama, halafu na mwenyekiti, atakapofika mbele ya anayestahili kumhoji atakuwa amechoka na maneno yake yatakuwa yamepindishwa na midomo ya wakubwa. Ukirudi nyumbani, andika alichosema kwa maneno yake mwenyewe, na tarehe, na saa. Simu isifutwe kitu. Na tafadhali, usijitumie zile skrinishoti kwenye simu yako kisha zikaanza kusafiri kutoka mkono hadi mkono. Umeona ukurasa mmoja wa daftari ulivyosafiri.

Kisha nenda kwa afisa ustawi wa jamii. Kama kata yenu haina, yupo halmashauri, na mtendaji wa kata atakuelekeza bila wewe kulazimika kumsimulia kisa chote. Ukiona unashindwa kwenda kwa miguu yako, piga 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Kituo cha polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto. Huko nenda moja kwa moja, siku hiyo hiyo, iwapo utagundua kwamba ameshaguswa au kuna safari iliyopangwa. Na kama ameguswa, Mungu aepushe, hospitali kabla ya saa 72 hazijapita, kwa sababu dawa za kumkinga na maambukizi ya VVU zina muda wake na hazisubiri kikao cha ukoo.

Hili unalolifanya si umbea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inasema mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa ana wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo lake. Haikusema kiongozi, wala mzazi, wala mwenye ushahidi wa kutosha mahakamani. Imesema mwanajamii. Na mtoto kwa sheria hiyo ni kila aliye chini ya miaka 18, hata kama ana umbo la mama wa watoto wawili na mtaa umeshaanza kumwita binti.

Kuhusu mama yake, hapo mshirikishe afisa ustawi kabla ya kwenda. Mama ni lazima ajue, ni mtoto wake. Lakini mtoto amesema atapigwa, na wewe umesikia. Afisa akiwepo, au akitangulia, mazungumzo huanza kwa "mtoto wako ametendewa" badala ya "mtoto wako amefanya". Nimeona akina mama wema kabisa wakichukua mwiko kwa sababu habari iliwafikia vibaya, kupitia jirani, sokoni, mbele za watu.

Na usimkabili kocha. Usimwonye, usimpigie, usimwandikie ujumbe wa mafumbo kwenye hali ya WhatsApp. Akijua leo, kesho simu ya mtoto itakuwa imeanguka ziwani.

Nikuambie kwa nini nimetumia maneno mengi hapa. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika hapa Tanzania mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10, na wavulana kama 1 kati ya 7, waliopitia angalau tukio moja la ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu nusu ya wasichana hao hawakumwambia mtu yeyote, na wavulana walionyamaza walikuwa wengi zaidi. Huyu wako amesema. Amesema mapema, kabla mambo hayajaharibika, na kati ya wakubwa wote wa kikundi alikuchagua wewe.

Sasa tuje kwenye daftari.

Nilipoisoma barua yako mara ya pili niliona kitu kilichonisikitisha. Kwenye kikundi chenu, habari ambayo ilipaswa kufika kwa mtu wa kusaidia imefungiwa, na habari iliyopaswa kufungiwa imemwagwa barazani. Ndiyo maana nakubaliana nawe kwamba haya mawili ni nyavu moja. Sera ya ulinzi, ukiiondolea maneno makubwa, ni makubaliano ya nani aambiwe nini. Na kikundi chenu hakijawahi kukaa chini kukubaliana.

Ile safu ya maelezo uliianzisha kwa nia njema na ilikuwa na sababu, mtoto alianguka. Kosa halikuwa kuuliza. Kosa lilikuwa kuweka ugonjwa wa mtoto kwenye karatasi moja na deni la jezi, kwenye daftari ambalo kila kiongozi analifungua. Kwa hiyo chukua daftari jipya, na kwa kila unachotaka kuandika jiulize: tukilijua hili, tutafanya nini nalo?

Kifafa: tutafanya jambo. Kocha na walezi wote wanatakiwa wajue kumlaza ubavu, kuondoa vitu vigumu karibu yake, kutomwekea kijiko mdomoni wala kumbana mikono, na kumkimbiza hospitali ikizidi dakika 5. Basi kifafa kijulikane kwa wanaosimamia mazoezi, na mzazi akubali kwanza kwamba wajue. Dawa za saa mbili usiku: mazoezi yenu yanaisha saa ngapi? Kama mnamaliza kabla ya magharibi, kikundi hakina la kufanya na habari hiyo siku 360 za mwaka. Inahitajika mkienda kulala Kasulu, na hapo inatosha mlezi mmoja aambiwe na bibi kwa mdomo, atunze mfuko wa dawa, amkumbushe mtoto faraghani. Haikuhitaji wino. Uyatima nao, tutafanya nini nao? Kama ni kumsamehe mchango, andika "amesamehewa" ukiwa na sababu kichwani mwako. Neno "yatima" kando ya jina la mtoto linamkaa kama kovu.

Halafu kuna safu mbili ulizozitaja kwa kupita, nami nataka nisimame hapo: kabila, na wazazi walitokea wapi. Mwanangu, uko Kigoma. Mkoa huu umepokea watu kutoka Burundi na Kongo kwa miongo mingi. Kambi ya Nyarugusu iko hapo Kasulu tangu 1996. Kuna watoto kwenye mitaa yetu ambao bibi zao walivuka mpaka, wengine kwa ndoa, wengine kwa vita, wengine kwa biashara ya mawese tu, na swali la "mmetokea wapi" likiandikwa kwenye daftari na kuanguka kwenye mikono isiyo sahihi, linaweza kumletea mzazi wageni asiowaalika mlangoni. Kikundi cha mpira kinahitaji kujua hilo la nini? Mpira unapigwa kwa mguu. Zifute safu hizo, na kurasa za zamani zichane uzichome wewe mwenyewe, usizipeleke kufungia maandazi.

Badala yake ongeza namba ya pili ya simu. Hii kwetu ni ya lazima kuliko zote. Baba wengi wa Ujiji na Kibirizi wako ziwani usiku wa giza na karabai zao, simu haishiki hadi alfajiri. Mama yuko mwaloni anaanika dagaa, simu ameiacha nyumbani ikichaji. Mtoto akivunjika mguu saa kumi na moja jioni, mtampigia nani? Shangazi yake, jirani, mjumbe, yeyote ambaye mzazi mwenyewe amemtaja kwamba huyu anaweza kuja kumchukua mwanangu. Na asiyetajwa hapo asikabidhiwe mtoto, hata akija na pikipiki nzuri.

Daftari la mahudhurio libaki na majina tu. Hilo hata likisahaulika chini ya mwembe halimuumizi mtu. Namba za simu na mambo ya afya yakae kwenye bahasha nyingine, kwa mlezi mmoja, na wa pili ajue iko wapi. Bahasha hiyo ije uwanjani kila siku ya mazoezi, maana taarifa ya afya iliyofungiwa kabatini wakati mtoto yuko chini haina kazi. Mtoto akiondoka kikundini, karatasi yake iharibiwe. Madeni yawe na daftari lake, na anayedaiwa afuatwe peke yake, kwa simu au mlangoni. Hakuna michango inayostahili kukusanywa kwa aibu ya mtoto.

Na haya nayo yana sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inahesabu taarifa za watoto kuwa taarifa nyeti, za kushikwa kwa uangalifu kuliko nyingine na kwa ridhaa ya maandishi, ambayo kwa mtoto hutolewa na mzazi au mlezi. Ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko, na wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa kujisajili kwake. Waandikieni muwaulize kikundi chenu kifanye nini. Na kama zile dawa ni zile ambazo wazazi kwenye kundi walidhani mara moja, basi ipo pia Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inayolinda siri ya hali ya mtu. Mweka hazina wenu hakuwa na nia hiyo, naamini. Alitaka fedha za jezi. Lakini bibi mmoja Ujiji sasa anainamisha kichwa njiani kwa sababu yake, na anadaiwa radhi ya uso kwa uso.

Watangazieni wazazi kwenye kundi, bila kutaja jina la mtoto hata mmoja, kwamba picha ile ilikuwa kosa, kwamba kila aliyeihifadhi aifute, na kwamba haitatokea tena. Maneno mawili matatu, basi. Msieleze zaidi, kwa sababu kila sentensi ya ziada inamkumbusha aliyekuwa ameshasahau.

Sasa ile sera ya kurasa 22. Usiisaini.

Sababu yangu si kwamba imenakiliwa. Vikundi vingi huanza kwa kutazama cha mwenzao, hakuna ubaya. Ubaya ni kwamba jina lako limewekwa kama mlinzi wa watoto bila wewe kuulizwa, wakati huo huo una siri ya kocha mfukoni. Siku jambo likilipuka, karatasi itasema wewe ndiye uliyekuwa na wajibu, na ulijua. Na mfadhili ataonyeshwa karatasi nzuri iliyofunika uwanja ambao hakuna aliyeulinda.

Mwambie mwenyekiti kwa adabu, na kwa maandishi ili ubaki na nakala, kwamba hukatai sera, unaomba mwandike ya kwenu kabla ya tarehe hiyo. Ukurasa mmoja wa Kiswahili unatosha. Kaeni Jumamosi, walezi, wazazi watatu wanne, na watoto wakubwa wawili, msichana na mvulana, kwa sababu wao ndio wanaojua kona ipi ya uwanja ina giza na nani anawapa lifti. Anzeni na siku yenu ilivyo kweli. Mazoezi yanaisha, mtoto wa Bangwe anarudije? Watembee kwa makundi ya mtaa, na kocha asimpakie mtoto peke yake, hata wa kiume. Kocha akitaka kusema kitu na mtoto, aandike kwenye kundi ambalo mzazi na mlezi mwingine wamo, na si baada ya saa mbili usiku. Zawadi hupitia kwa mzazi. Mkienda mashindano Kasulu, nani analala chumba kipi na nani ana ufunguo, yaandikwe kabla ya nauli kutolewa. Mkienda kuoga ziwani baada ya mechi, awepo mkubwa ajuaye kuogelea ambaye yeye haogi, kazi yake ni kuhesabu vichwa tu. Mkubwa mpya akija kujitolea, mumuulize alikotoka na mwende huko mkaulize kwa nini aliondoka. Hili watu hulionea haya. Wenye nia mbaya wanaitegemea sana hiyo haya yetu.

Picha za watoto ziwe kwa ridhaa ya mzazi na ya mtoto, bila jina kamili na bila kisa cha shida zake. Mfadhili anayetaka orodha ya majina na magonjwa apewe idadi: watoto 46, wasichana kadhaa, wavulana kadhaa. Inamtosha.

Na kuwe na watu wawili wa kupelekewa jambo, mmoja mwanamke na mmoja mwanamume, wasio ndugu wa kocha wala wa mwenyekiti, na wa tatu aliye nje kabisa ya kikundi, ambaye mtoto anaweza kumwendea akiona hao wawili wamekuwa kitu kimoja. Namba ya 116 iandikwe ubaoni au ukutani pale mnapohifadhi mipira, kwa maandishi makubwa. Ukurasa wote usomwe kwa sauti mbele ya watoto, maana kanuni asiyoijua mtoto haimlindi. Mkubwa asiyekubali kusaini huo, hata kama ni mzuri wa kufundisha, atafute timu ya watu wazima.

Kocha akae pembeni wakati afisa ustawi anaendelea na kazi yake, na watoto wasitangaziwe sababu. Mwenyekiti akikataa, huo ndio wakati wa kumwachia kiti chake na kuwaeleza wanaohusika kwamba amekataa.

Sitakuficha kwamba utaitwa majina. Utaambiwa umefukuza mfadhili, umevunja undugu, umejifanya msomi. Watakaokupa salamu kwa ubaridi wengine watakuwa watu uliokua nao. Watasema pia yamalizwe nyumbani, kwa wazee, kwa mbuzi na soda. Mambo ya mipaka ya shamba yamalizwe hivyo. Ya mtoto wa miaka 14 hapana. Tafuta mtu mmoja mzima wa kukushika mkono katika siku hizi, mama yako, mwalimu wako wa zamani, yeyote, ila bila kumtajia jina la msichana.

Kuhusu yule wa miaka 13, usimwite mazoezini kwa ujumbe, wala usitume wenzake wakamchukue. Nenda kwao jioni bibi akiwa ametulia. Usipeleke mchele wala sukari, isije ikaonekana mnanunua msamaha. Keti pale watakapokukaribisha, mtazame bibi, umwombe radhi kwa ukurasa ule, kwa sababu wewe ndiye uliyeuandika. Kisha mwombe radhi na mtoto mwenyewe, kwa jina lake, kama mtu mzima anavyoombwa. Mwambie karatasi ile imechomwa, na kwamba jezi yake ipo haidaiwi kitu, hata asiporudi. Halafu nyamaza umsikilize.

Shangazi